Baa ya nyumbani bila pombe, kwa bei ya soko la Mbuyuni

Huku Moshi ukisema una baa watu wanawaza mbege, ile pombe ya ndizi, ila mi yangu haina pombe kabisa na wageni wanarudi. Usianze na glasi za bei mbaya, chupa za jamu zilizooshwa zinatosha, na meza yoyote ya kona.

Pesa peleka kwenye vionjo. Nenda Mbuyuni asubuhi, beba tangawizi, ndimu, ukwaju, pasheni na choya kavu (rozela). Kitu cha kwanza ni sharubati ya sukari, kikombe kimoja sukari na kimoja maji, koroga jikoni mpaka iyeyuke basi, usiichemshe sana itakuwa nzito kama asali. Gawa mara mbili: nusu tia tangawizi iliyopondwa, nusu choya, funika dakika 20, chuja, weka friji. Ukiiacha mezani siku kadhaa inaanza kuchacha, hapo ndo unatengeneza pombe bila kujua, yangu ya tangawizi ilirusha kifuniko hadi darini na mama mkwe yupo sebuleni jamani!

Kwenye glasi jaza barafu, vijiko viwili vya sharubati, kamulia nusu ndimu, malizia na soda ya maji isiyo na sukari. Mnanaa upige kofi mkononi kabla ya kuuweka, harufu inatoka.

Anayependa uchungu mpe toniki na ukwaju. Barafu gandisha usiku, umeme ukikatika mchana usilie.