Jinsi ya kuandaa tamasha la chakula cha kilimo hai mtaani kwenu, hatua kwa hatua, tunavyofanya huku Morogoro

Watu wengi wakisikia tamasha la chakula cha asili kichwani wanaona turubai, spika na MC. Hivyo ni vya mwisho kabisa na mwenye hela anavipata hata kesho asubuhi. Kitu ambacho huwezi kukipata kesho asubuhi ni mchicha ambao haujapigwa dawa, kwahiyo mimi maandalizi yangu huwa yanaanzia shambani, miezi mitatu minne kabla, na mwongozo wenyewe nimeupanga hivyo hivyo. Mifano mingi ni ya huku Morogoro sababu ndo nilipo, milima ya Uluguru inatulisha, ila kama uko Lushoto au Njombe utabadilisha mazao tu, mengine yote ni yale yale.

HATUA YA 1: Tarehe

Usichague tarehe kwa kuangalia ukumbi, angalia mvua. Masika huku ni Machi mpaka Mei na kipindi hicho njia za kushuka kutoka Kinole, Matombo au Mgeta zinakuwa tope tupu, bodaboda yenyewe inasukumwa, sasa karoti utazishushaje. Mimi naipenda Julai. Mvua imekata, mahindi na maharage ya masika yameshavunwa, machungwa yapo ya kutosha. Agosti mwanzoni achana nayo kabisa, kuanzia tarehe 1 mpaka 8 mji mzima uko Nane Nane na hata wakulima wako wenyewe watakuwa huko. Chagua Jumamosi, Jumapili watu wako kanisani nusu siku, na ikiangukia mwisho wa mwezi mshahara ukiwa umeingia ni bora zaidi, tusidanganyane.

Halafu ukishapata mwezi ndo unatangaza vyakula. Nimeona bango la tamasha la Julai limeandikwa juisi ya embe asilia, sasa mwezi wa saba hiyo embe inatoka wapi jamani? Mtu anayejua msimu akisoma hivyo hata mengine yote hayaamini tena.

HATUA YA 2: Hesabu za kurudi nyuma

Hapa ndo penye kazi. Chukua kalenda, weka duara kwenye siku ya tamasha, afu rudi nyuma kwa kila zao. Mchicha unavuna wiki 3 mpaka 4 toka uusie. Mgagani wiki 4 mpaka 6. Matembele ya vipando nayo karibu mwezi na nusu uyapate yamefunga vizuri. Karoti weka miezi mitatu, na nyanya ukijumlisha na muda wa kitalu ni miezi mitatu na nusu hivi. Maana yake kwa tamasha la mwisho wa Julai nyanya inatakiwa iwe kitaluni kufikia katikati ya Aprili na mvua inanyesha kweli kweli, ambapo ukungu ndo nyumbani kwake, kwahiyo mwambie mkulima aweke kichanja cha nyasi juu ya kitalu na asipande bonde lenye maji yaliyotuama.

Kitu kingine, Juni na Julai mlimani kuna baridi na mboga zinakua taratibu kuliko ulivyozoea mjini. Dawa yake ni kusia mchicha mara mbili, tuta la kwanza wiki 5 kabla na la pili wiki 4 kabla, moja likichelewa lingine linakuokoa. Usimpe mkulima mmoja zao zima, gawanya kwa watatu wanne wa maeneo tofauti, mmoja akivamiwa na ngedere usibaki mikono mitupu.

HATUA YA 3: Kagua nani ni wa kilimo hai kweli

Neno asili siku hizi kila mtu analo mdomoni. Huku kwetu bahati nzuri mfumo upo: kuna nembo ya Kilimohai ambayo inasimama juu ya kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai cha mwaka 2007, na kwa Tanzania shirika la TOAM ndo linaratibu hayo mambo. Mkulima mdogo si lazima alipie mkaguzi wa nje wa bei mbaya, kuna utaratibu wa vikundi unaitwa PGS, wakulima wenyewe wanakaguana mashamba, wanaandika, na kikundi kizima kinabeba jina. Kwa soko la ndani inatosha. Kwahiyo anza na vikundi vyenye cheti, Morogoro tuna bahati, shirika la kilimo hai la SAT limefundisha wakulima wengi sana hizi mbinu, waulize watakuelekeza kwa wenyewe.

Asiye na cheti simfukuzi, ila meza yake haiwekwi nembo ya Kilimohai, na kabla sijampa nafasi naenda shambani kwake. Si kwenda kupiga picha, ni kwenda kuuliza maswali na macho yanazunguka. Mbolea gani unaweka? Mara ya mwisho mdudu alipoingia ulifanya nini? Jirani wa juu yako kwenye mteremko analima nini na anapuliza nini, maana mvua ikinyesha vyote vinashuka kwako? Halafu angalia pembeni ya shamba na nyuma ya choo, vichupa na pakiti za dawa huwa vinatupwa hapo hapo, shamba haliwezi kuficha. Samadi nayo uliza kama imeoza, samadi mbichi kwenye mboga ambayo watu wataila kachumbari hapana.

Siku ya tamasha simamisha mtu mmoja mgumu getini, asiwe ndugu wa mtu yeyote, mzigo unakaguliwa ukishuka. Kuna mwaka muuzaji mmoja alishuka na matenga mawili ya nyanya za sokoni kazichanganya na za kwake. Zinajulikana bwana: zote saizi moja kama zimepimwa, na ukigeuza nyanya kwenye kikonyo pale penye kibonde kuna unga mweupe wa dawa umeganda ambao kitambaa hakikufika. Alirudishwa na tenga zake, kwa heshima tu, bila kelele.

HATUA YA 4: Vibali, hii fupi

Anza na mwenyekiti wa mtaa, yeye atakupa barua ya kwenda nayo kata na halmashauri kama uwanja ni wa umma. Polisi wape taarifa kama utakuwa na spika na watu wengi. Bwana afya mpelekee mwaliko mapema kabisa asije siku ile kama mgeni, na mama lishe wote wawe na cheti cha kupima afya, hapo hamna kujuana. Mwezi mzima kabla inatosha, usisubiri wiki ya mwisho ukaanza kukimbizana na mihuri.

HATUA YA 5: Vyakula

Mama lishe wachague wanaojua mboga zenyewe, si kila anayepika wali anajua mgagani. Mgagani una uchungu wake, inabidi uchemshwe, maji yamwagwe, ndo uungwe na maziwa au karanga, akikosea mgeni aliyekuja kujaribu kwa mara ya kwanza ndo harudi tena. Mimi huwa nataka meza ya kisamvu cha nazi, meza ya mlenda na ugali wa mtama, magimbi na ndizi za kuchemsha za mlimani, uji wa ulezi asubuhi. Chai iwe na viungo vya hapa hapa, iliki, mdalasini na pilipili manga vinatoka Uluguru hiyo hiyo, waambie watu vimetoka kijiji gani. Maziwa ya mbuzi ya Mgeta nayo weka, yachemshwe mbele ya watu.

Vyombo: mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku toka Juni 2019 kwahiyo hilo halina mjadala, ila sahani za takeawei nazo sizitaki, utajaza lori la takataka kwenye tamasha la mazingira, aibu. Majani ya mgomba yababue kidogo juu ya moto yalainike yasipasuke, hayo ndo sahani. Vikombe vya bati kodisha, mteja anaacha hela kidogo ya dhamana anarudishiwa akirudisha kikombe. Weka beseni tatu za kuoshea, ya sabuni, ya kusuuza na ya maji ya moto, na simtanki la maji safi lenye koki, si ndoo ya kuchota na kopo.

HATUA YA 6: Meza za kufundishia

Bila hizi umeandaa soko tu. Ya kwanza ni mboji, na hapa kuna ujanja ambao wengi hawaufanyi. Tengeneza marundo matatu kwa siku tofauti. Moja linajengwa siku ile ile watu wakiona, tabaka la mabua makavu, tabaka la majani mabichi, samadi, udongo kidogo na majivu, unamwagia maji unarudia. La pili lijengwe wiki moja kabla na uchomeke mti mrefu katikati mpaka chini. Mgeni akifika mwambie auchomoe huo mti aushike sehemu iliyokuwa ndani. Una moto! Watu wanaruka, wanaitana, mtoto anamwita mama yake aje ashike, na hapo hata ukiwa huna spika umeshafundisha. La tatu ni mboji iliyoiva imechekechwa, nyeusi, wainuse. Rundo la pili lianze mapema na usilisahau maji, likikauka halipati joto na meza yako inakufa.

Meza ya pili ni dawa za kienyeji za wadudu. Majani ya muarobaini yanatwangwa, yanalowekwa usiku kucha, yanachujwa, sabuni kidogo, unapulizia jioni jua likishapoa. Weka mfano wa kila hatua kwenye mabeseni ili watu waone, usiishie kusimulia.

Ya tatu mbegu za asili, wakulima walete mtama, maboga, maharage ya rangi rangi. Hapa angalizo: hizi ni za kubadilishana na kuonyeshana, usiruhusu mtu kupaki na kuuza mbegu ambazo hazijathibitishwa, kuna Sheria ya Mbegu ya 2003 na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, makao yao ni hapa hapa Morogoro.

HATUA YA 7: Kuvuna na kushusha mzigo

Mboga za majani za karibu zikatwe alfajiri siku ile ile. Za mbali zikatwe jioni ya Ijumaa jua likizama, zitandazwe kwenye mkeka sehemu yenye upepo usiku kucha, unyunyizie maji safi. Usizishindilie kwenye gunia, zinajipika zenyewe humo ndani na asubuhi unatoa majani ya njano. Asubuhi panga kwenye matenga, funika na majani ya mgomba, kirikuu iondoke kabla jua halijapanda. Na muulize dereva jana alibeba nini, kama ni mifuko ya mbolea au dawa bodi ioshwe kwanza.

HATUA YA 8: Bei na hela

Kaa na wakulima wiki moja kabla mpange bei pamoja. Fungu likiwa sokoni mia tano usiliuze elfu mbili kisa limeandikwa kilimo hai, majirani zako ndo wateja, na lengo ni warudi. Ongeza kidogo kinacholipia kazi, basi. Kila meza iwe na lipa namba imebandikwa na chenji za kutosha, asubuhi kila mtu ana noti ya elfu kumi.

Jioni kabla ya turubai kushushwa lipa wakulima hela yao palepale, mama lishe nao, mtu asipande mlimani na ahadi. Maganda na majani ya mgomba yote yaende kwenye lile rundo la kwanza la mboji. Na lile daftari la getini ambalo wageni waliandika namba za simu walizokubali wenyewe kutumiwa ujumbe, lipige picha usiku huo huo, Jumatano uwatumie orodha ya mboga zilizopo shambani na bei zake ili Jumamosi inayofuata kirikuu ishuke tena na oda za watu.