Kumwita mwanamke Lubumbashi bila kumzeesha

Anayefika Lubumbashi, kusini mwa Kongo, akitokea Dar es Salaam huja na "shikamoo" na "bibi" mdomoni. Aviache mpakani Kasumbalesa. Shikamoo watu huku hawaitumii, na "bibi" ni mke, kwa hiyo ukimwita hivyo muuza makala (mkaa) umesema jambo jingine kabisa. "Jambo mama" inatosha. Isubiri iitikiwe ndipo uulize bei. Anayerukia bei kabla ya salamu asitegemee matabishi, ile nyongeza ya bure.

"Mama" huku halihesabu miaka. Wazazi humwita hata binti yao mdogo "mama", hasa akiwa amerithi jina la nyanya yake. Msichana wa miaka 22 anayeuza sombe (kisamvu) katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, akiitwa mama, amepewa heshima ya mwenye meza yake, na wengi wanalipokea hivyo. Kinachouma ni namna neno linavyofika, na hapo ndipo watu hukosea.

Kosa kubwa ni kuwagawa waliokaa pamoja. Wanawake wawili wako kwenye benchi moja. Huyu unamwambia "tantine" (shangazi, kwa Kifaransa), yule "mama". Umeshawapanga kwa umri mbele ya wateja, na yule wa pili atayahesabu makunyanzi yake mpaka jioni. Chukua neno moja kwa wote wawili, tena lile la heshima zaidi: mama na mama. Aliye mdogo hapotezi kitu.

Kosa la pili ni kuongeza mkia. "Mama" peke yake ni salama. "Mama muzee" ni hukumu, hata ukilisema kwa upendo. "Kambo", yaani nyanya, nalo ni la wajukuu. Subiri mwenyewe akuite mjukuu wake, ndipo umjibu hivyo. Kwa mwanamke mwenye umri kweli kuna njia nzuri zaidi: mwongezee heshima bila kumwongezea miaka. Sema "ba mama", na uzungumze naye kwa wingi, "mnaendaje?" badala ya "unaendaje?", ingawa yuko peke yake.

"Tantine" linamfaa aliye rika la shangazi au mama mdogo wako, na vijana hulitumia sana. Likitoka kwa mwanaume mwenye mvi kwenda kwa msichana, linasikika kama kutongoza. Kwa anayekuzidi miaka michache tu, "yaya", ambalo huku ni dada mkubwa, pamoja na jina lake ndilo linalokaa vizuri: Yaya Nadine. Linamweka mbele yako bila kumpeleka kizazi kingine.

Jina la mtoto, kama Mama Furaha, linataka uangalifu kuliko yote. Usimuulize mtu usiyemfahamu "wewe ni mama nani?" Huenda hana mtoto, au amemzika yule aliyempa jina hilo. Sikiliza majirani wanamwitaje, ufuate. Usiposikia kitu, tumia jina lake mwenyewe: Mama Espérance. Hilo halimuulizi chochote.

Ofisini na shuleni ni "madame", bila kutafuta pete kidoleni. "Mademoiselle", la asiyeolewa, mwachie anayelitaka mwenyewe. Ufaransa kwenyewe liliondolewa kwenye fomu za serikali mwaka 2012. Wakati wa Zaire "citoyenne" (raia wa kike) lilichukua nafasi ya yote mawili, na waliofanya kazi miaka hiyo bado wanalikumbuka, lakini leo usimwite mtu hivyo.

Na wewe uliyeanza kuitwa mama na makondakta, ukarudi nyumbani kujitazama kwenye kioo: unayo haki ya kuchagua. Mpe mtu jina unalolitaka siku ya kwanza, kabla lile jingine halijazoeleka. Kwenye simu jitaje hivyo: "Allô, ni Yaya Nadine." Mtu mzima akikosea, mjibu kwanza shida yake, kisha umwambie "niite Yaya Nadine," mara moja, bila kununa, ukinuna atalikumbuka kosa na kulisahau jina. Watoto waache. Mtoto wa miaka kumi aliyefundishwa kumwita kila mwanamke mama, ukimkataza, ni mzazi wake unayemkosoa, na kesho atapita mlangoni kwako bila kukusalimia kwa sababu hajui tena aseme nini.