Mpe ugali, usimpe hela

Kijana wangu wa tatu ana miaka 31. Aliingia ziwani na mitumbwi ya dagaa akiwa na 19, na pombe akaanza mwaka uleule. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kwa hiyo hela inayomlewesha yeye na inayonilisha mimi zinatoka kwenye maji yaleyale.

Kama na wewe una mtoto mwenye ndevu zake anayekukosesha usingizi, anza kwa kuijua saa ya hatari. Kwetu ni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, mitumbwi inabaki ufukweni, na vijana wana mgao mfukoni lakini hawana kazi. Miaka sita sikuliona hilo, mpaka siku moja nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani. Mtungi wa gesi ulipouzwa, mbalamwezi. Alipompiga mdogo wake, mbalamwezi. Sasa siku hizo hela hailali ndani, na mdogo wake analala kwa shangazi yake Igoma. Kwako labda ni mwisho wa mwezi, au siku ya mnada. Itafute.

Hela usimpe mkononi, hata ya nauli. Mlipe bodaboda mwenyewe. Akija na njaa mpe ugali, akae ale, umwangalie. Sijaona mtu aliyeponywa kwa kunyimwa chakula. Deni la kilabuni ni lake. Nililipa mara nne, na kila mara daftari likaanza upya kesho yake, maana mwenye kilabu alijua mama yupo. Mara ya tano nikamwambia pale mlangoni, "Huyo ni mtu mzima, mdai mwenyewe." Kisha nikaingia ndani nikalia.

Pikipiki ya mkataba nayo, utashawishiwa. Nilidhani akipata majukumu atatulia. Miezi miwili hakupeleka hesabu, tajiri akachukua chombo chake, na mdhamini nilikuwa mimi. (Kwa mganga pia nilikwenda, na mbuzi. Tuliache.)

Siku akisema, "Mama, naacha," usimfungie chumbani. Hapo ndipo nilipokosea vibaya. Mtu anayekunywa kila siku tangu asubuhi, akikata ghafla, mwili unamgeuka. Wa kwangu jioni ileile mikono ilitetemeka mpaka uji ukamwagika. Kesho yake akaanguka, mwili ukakakamaa na kurukaruka kama mtoto mwenye degedege. Siku ya tatu anaona dagaa wanatembea ukutani, anawafukuza kwa kanga yangu. Majirani wakasema karogwa. Hakuwa amerogwa, ni pombe ilikuwa inamtoka, na hali hiyo inaua. Tukamkimbiza hospitali ya Bugando. Kumbe kuacha kwa mlevi wa namna hiyo kunafanywa kwa dawa na uangalizi, hasa siku za mwanzo. Kwa hiyo mpeleke hospitali kabla hajaacha, siyo baada ya kuanguka. Na daktari mwambie yote: gongo, bia, bangi, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Mimi nilianza kwa kusema "anakunywa kidogo tu", nikapoteza muda wa watu.

Alikaa miezi mitano bila kunywa, akarudia. Tukampeleka tena.

Kuhusu aibu, nilikuwa nikiulizwa nasema yuko Ukerewe, anafanya biashara. Siku moja kwenye kikoba mwenzetu mmoja, mwenyeji wa huko Ukerewe, akacheka mpaka machozi: "Wa kwangu huwa nasema yuko Mwanza!" Tangu hapo tunapigiana simu, na usiku nikizidiwa nampigia yeye badala ya kumpigia mwanangu mara kumi.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawataki kulisema. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wa njia anayopita usiku, uwaachie namba yako. Waombe wakupigie kabla ya kupiga yowe la mwizi, kwa sababu yowe likishapigwa, halimsubiri mama afike. Inauma kuomba hivyo, lakini omba. Mwaka jana saa nane usiku simu iliita: "Mama, njoo umchukue wako, yuko kwenye banda letu la kuku." Nikaenda na tochi. Alikuwa amelala, na kuku wote walikuwepo. Tuliwahesabu mbele yangu, mimi na mwenye banda, mara mbili.