Simu ikijaa, usianze kwa kufuta

Shangazi alinikabidhi simu yake kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mwenye homa. "Mwanangu, hii simu imeshiba. Haipigi picha, haipokei picha, kila nikiiwasha inaniandikia nafasi imekwisha. Wewe futa tu chochote unachoona hakina maana."

Nikamwambia, "Shangazi, njoo ukae hapa karibu yangu. Mimi nitajuaje kipi kina maana kwako?"

Katika ukoo wetu simu zilizojaa huletwa kwangu, na sina neno, naipenda kazi hiyo. Ila sikubali kuifanya mwenye simu akiwa mbali, na sababu ninayo. Miaka michache iliyopita simu ya mama ilijaa vivyo hivyo. Akatokea mtu mwenye nia njema kabisa, akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza hapa na pale, na baada ya dakika mbili simu ikawa nyepesi. Jioni mama alipoifungua WhatsApp, jumbe za sauti za bibi hazikuwapo. Bibi alikuwa ameshafariki.

Kuna ujumbe mmoja ninaoukumbuka mpaka leo. Bibi anasalimia, anauliza kama tumefika salama, kisha anadhani amemaliza kurekodi. Anamwita mtoto aje afunge mlango. Mlango unasikika ukilia, halafu bibi anacheka peke yake. Ni sekunde arobaini na kitu tu. Tuliutafuta kwenye nakala rudufu, yaani backup, tukaambulia patupu, kwa sababu nakala rudufu haikuwahi kuwashwa hata siku moja. Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja: okoa kwanza, kagua ulichookoa, ndipo ufute.

Basi tuanze na kuokoa. Filamu utaipakua tena, programu utaisakinisha tena, wimbo upo mtandaoni, na ile video ya paka anayeanguka kutoka kwenye kabati itarudi yenyewe wiki ijayo kupitia kundi lingine. Vingine havina pa kurudi kutoka: picha ulizopiga mwenyewe, picha za vyeti na karatasi muhimu, namba za watu zilizohifadhiwa kwenye simu peke yake, na sauti za watu wako. Kama unatengeneza video za TikTok, ongeza rasimu ambazo hujazichapisha. Hizo hukaa ndani ya simu, na ukiondoa programu zinakwenda nayo.

Picha watu wengi huzikumbuka. Sauti husahaulika, kwa kuwa hazionekani kwenye matunzio ya picha, basi nitakaa hapo kidogo. Kwa ujumbe mmoja au miwili, bonyeza ujumbe wenyewe na ushikilie, kisha tafuta sehemu ya kushiriki nje ya WhatsApp. Kwenye Android ipo chini ya vile vidoti vitatu. Kwenye iPhone unagusa kusambaza kwanza, halafu alama ya kushiriki, kisha unahifadhi kwenye Faili.

Kama ni nyingi na simu ni Android, fungua programu ya mafaili na ufuate njia hii: folda ya Android, ndani yake media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, Media, na mwisho WhatsApp Voice Notes. Utakuta folda nyingi zenye namba kama 202314, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2023. Ndani yake kila faili huanza na herufi PTT, ikifuatiwa na mwaka, mwezi na siku. Jina la aliyezungumza halipo popote. Kwa hiyo ukishazinakili zile unazozitaka, zibadilishe majina papo hapo, hata kama unasikia uvivu. "Bibi anaita mtoto afunge mlango" ni jina zuri la faili. PTT na namba kumi na mbili, baada ya miaka mitano, hazitakuambia kitu.

Zipeleke wapi? Sehemu mbili, si moja. Kwa shangazi tulitumia flashi inayochomekwa kwenye simu moja kwa moja, pamoja na akaunti yake ya Google. Flashi peke yake siiamini: inapotea, inavunjika, na inaweza kuharibika ikikaa droo miaka bila kuguswa. Akaunti peke yake nayo siiamini, maana watu husahau nywila. Pia usijitumie picha kupitia WhatsApp kama njia ya kuzitunza, kwa sababu WhatsApp huzibana zikapungua ubora. Kama huna njia nyingine, itume kama hati badala ya picha, nayo itafika ilivyo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi huliruka: fungua faili kule ulikolipeleka. Usitosheke kuona jina lake. Lisikilize, litazame mpaka mwisho. Nimewahi kunakili video za mtoto wa dada yangu, flashi ikachomolewa kabla ya wakati, na nusu ya video hizo zikagoma kufunguka. Nilikuwa sijafuta za kwenye simu, nashukuru.

Sasa tuingie kwenye mipangilio, mahali mama alipopotezewa vitu vyake. Simu ya Android ikiwa kwa Kiswahili, ukifungua hifadhi ya programu yoyote utakuta vitufe viwili. Kimoja kinasema "Futa akiba", kingine "Futa data" au "Futa hifadhi". Tazama jinsi maneno haya yanavyompoteza mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Sisi tumelelewa na "akiba haiozi". Nani atathubutu kufuta akiba? Na data je? Data kwa watu wengi ni kile kifurushi cha intaneti kinachoisha kila mara na kununuliwa upya. Basi mtu makini, mwenye busara zake zote, anaiacha akiba na kubonyeza data.

Ukweli ni kinyume chake. Akiba ya programu ni vitu vya muda ambavyo programu hujiwekea ili ifunguke haraka: vipande vya picha, kurasa ulizowahi kupitia. Ukiifuta, programu itachelewa kidogo mara ya kwanza, kisha itajijengea nyingine. Hupotezi kitu chako. Data ni programu nzima kama wewe unavyoijua: mazungumzo, akaunti uliyoingia, mipangilio yako. Ukiifuta kwenye WhatsApp, inakuwa kana kwamba umeisakinisha leo asubuhi. Shangazi nilimwambia akariri hivi: kwenye simu, akiba inafutika, data haiguswi. Natamani waliotafsiri wangechagua neno jingine, maana kosa hapa si la mama wala la yule aliyemsaidia. Wote wawili walisoma Kiswahili sawasawa.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye mizigo mizito. Watu hupoteza saa nzima wakifuta picha mojamoja, na kila picha ina megabaiti mbili au tatu. Video ndizo zinazokula nafasi. iPhone yenyewe hukuonyesha hesabu kwenye mipangilio ya kamera: dakika moja ya video ya 1080p (ubora wa kawaida) yenye fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde ni kama megabaiti 60, na dakika moja ya 4K (ubora wa juu zaidi) yenye fremu 60 ni kama megabaiti 400. Dakika tano za mtoto akicheza, kwa 4K hiyo, zinafika gigabaiti mbili. Kwa hiyo nenda pia kwenye kamera uishushe iwe 1080p. Kwenye kioo cha simu tofauti huioni, ila kwenye hifadhi utaiona mwezi huohuo.

Kwa WhatsApp, fungua mipangilio, ingia kwenye hifadhi na data, kisha sehemu ya kusimamia hifadhi. Hapo utakuta imeshakupangia kazi: fungu la vitu vinavyozidi megabaiti 5, fungu la vilivyosambazwa mara nyingi, na chini yake kila gumzo na uzito wake, zito likiwa juu. Mimi huanza na vilivyosambazwa mara nyingi. Ni zile jumbe zenye mishale miwili, ambazo tangu 2020 WhatsApp hairuhusu kuzituma kwenye gumzo zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kwenye simu ya shangazi fungu hilo lilikuwa na maelfu ya maua ya "asubuhi njema" na video za matibabu ambazo singependa azifuate. Tulizifuta zote, tukaachana nazo.

Fungu la vitu vikubwa linataka macho. Hapo ndipo harusi na mazishi hukaa pamoja na vichekesho. Usichague vyote kwa mkupuo. Na ujue kwamba kwa kawaida WhatsApp haikutunzii nakala ya kile kilichokwisha kukufikia. Ukifuta na baadaye ukakihitaji, itabidi umwombe aliyekutumia akitume tena, kama bado anacho. Telegram ni tofauti: hutunza vitu kwenye seva zake, kwa hiyo ukifuta akiba yake unaweza kuvipakua upya.

Mtego mwingine uko kwenye picha. Mtu anasema, "Picha zangu zote ziko Google, ngoja nizifute kwenye simu." Anafungua Picha za Google, anachagua, anafuta. Kumbe zile za simu na zile za akaunti zimeunganishwa, na anazifuta kote kuwili. iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya iPhone, nayo iko hivyohivyo. Ukitaka kupunguza za kwenye simu tu, ndani ya Picha za Google kuna sehemu maalumu ya kuongeza nafasi kwenye kifaa. Hiyo huondoa nakala za simu kwa picha zilizokwisha kuhifadhiwa, na zile za akaunti zinabaki. Kama umeshakosea, usikate tamaa: kapu la taka la Google hutunza kwa siku 60 picha zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye akaunti, na zile ambazo hazikuwa zimehifadhiwa huko siku 30. Kwenye iPhone ni siku 30. Ndiyo maana pia wengine hufuta picha mia tano na simu ikaendelea kulalamika, maana zote bado ziko kwenye kapu. Ukiwa na hakika, lisafishe. Ukiwa na shaka, liache hadi kesho.

Akaunti ya Google ina gigabaiti 15 za bure, na hizo zinagawanywa kati ya barua pepe, Drive (hifadhi yao ya mafaili) na picha. Zamani picha zilizobanwa hazikuhesabiwa, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 zinahesabiwa. Ikijaa, hata barua pepe zinaacha kuingia, basi iangalie mara mojamoja.

Programu za "kusafisha simu" zinazojitangaza kila mahali sikushauri kuziweka. Nyingi nilizozikuta kwenye simu za watu zinakula nafasi na kurusha matangazo, na kazi zinayoifanya simu yako inaweza kuifanya yenyewe.

Limebaki kufunga bomba, la sivyo utarudi palepale. Ndani ya hifadhi na data ya WhatsApp kuna upakuaji wa otomatiki. Ondoa alama zote: picha, sauti, video, hati, kwa data ya simu na kwa Wi-Fi. Kuanzia hapo kitashuka kile ulichokigusa mwenyewe. Watu huogopa kwamba watakosa jumbe za sauti; hutazikosa, hizo hushuka zenyewe daima, hata ukizima kila kitu. Usichanganye na ile sehemu ya kuficha picha zisionekane kwenye matunzio. Ile inazificha tu machoni, uzito wake unabaki vilevile.

Kazi ya simu ya shangazi ilituchukua alasiri nzima, kwa sababu tulikuwa tukisikiliza. Kuna ujumbe wa mjomba aliourekodi akiwa njiani, upepo unavuma, nusu ya maneno hayasikiki, nikauliza kama nao tuuondoe. Akanishika mkono. Tukaupa jina, tukauhamisha, tukausikiliza tena ukiwa kwenye flashi. Mwisho simu ilikuwa na gigabaiti 11 zilizo wazi.

Akaniambia, "Sasa niandikie kwenye karatasi umeziweka wapi, maana wewe hutakuwepo kila siku." Nikamwandikia kwa herufi kubwa: flashi iko wapi, akaunti ni ipi, folda inaitwaje. Karatasi akaikunja mara nne, akaisokomeza nyuma ya kava la simu.