Namna ya kukokotoa gharama ya suluhu za shehiani

Watu husema suluhu kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia huku Zanzibar, ni bure. Kwa mlalamikaji ni kweli, halipi ada. Serikali ndiyo inayolipa, na malipo yenyewe yamo ndani ya mishahara, mafuta na karatasi za ofisi nyingine. Kule California, Marekani, sheria ya mwaka 1986 iliziruhusu kaunti kugharamia usuluhishi kwa sehemu ya ada za kufungulia kesi mahakamani. Fedha zile zina fungu lake, unazifuata zilikokwenda. Huku kwetu Pemba kusuluhisha ni jukumu mojawapo kati ya mengi ya sheha, kwa hiyo gharama yake lazima uichambue mwenyewe.

Hatua ya 1: Anza na daftari la sheha

Kaa naye mulifungue pamoja. Tenganisha mashauri yaliyopokelewa, yaliyofikia makubaliano, na yaliyorudi tena. Hilo la tatu wengi hulisahau. Nimewahi kukuta mpaka wa shamba moja umeandikwa mara tatu kwa miaka miwili, na kila mara pembeni pameandikwa "wamepatana".

Ukikuta shauri la udhalilishaji, yaani ukatili wa kijinsia kama ubakaji, usilihesabu kuwa ni mafanikio hata kama wazee wameandika kuwa wamesameheana. Hilo ni jinai, halina suluhu ya barazani. Mwambie sheha palepale kuwa mahali pake ni polisi.

Hatua ya 2: Geuza muda kuwa fedha

Chukua mshahara wa mwezi pamoja na michango ya mwajiri, ugawe kwa saa za kazi. Tuseme ni shilingi 528,000: siku 22 mara saa 8 ni saa 176, basi saa moja ni shilingi 3,000.

Sasa chagua shauri moja ulifuate mwanzo hadi mwisho. Mimi hupenda la mikarafuu, kwa sababu huku ardhi inaweza kuwa ya mtu huyu na miti ikawa ya yule, na ugomvi hupanda msimu wa kuchuma unapokaribia. Sheha anasikiliza malalamiko (saa 1), anawafuata wahusika majumbani (saa 2), anaongoza kikao (saa 3), kisha wote wanakwenda shambani kuhesabu mti mmoja mmoja (saa 4). Jumla saa 10, shilingi 30,000. Afisa wa wilaya anakuja kwa saa 5, naye saa yake ni 5,000: hiyo 25,000. Mafuta ya pikipiki 8,000, karatasi na kutoa kopi 2,000. Shauri limegharimu shilingi 65,000.

Kikaoni na shambani walikuwepo pia wazee wawili, saa 7 kila mmoja, na hawakulipwa kitu. Usizitie saa zao kwenye jumla ya serikali, lakini usiziache nje ya karatasi. Ziandike kwenye safu yake: saa 14. Wale ndio waliokumbuka nani alipanda mti gani, na bila wao kikao kisingefika popote.

Hatua ya 3: Ongeza gharama za mwaka

Mafunzo ya wasuluhishi yagawe kwa miaka yatakayotumika: 1,500,000 kwa miaka 3 ni 500,000 kwa mwaka. Ofisi chukua sehemu tu inayolingana na matumizi, tuseme 260,000.

Hatua ya 4: Gawa kwa namba iliyo sahihi

Tuseme mashauri ni 40, kila moja kwa wastani 65,000. Hiyo ni 2,600,000; pamoja na za mwaka, 3,360,000. Ukigawa kwa yaliyopokelewa unapata 84,000. Yaliyopatana ni 30, basi ni 112,000. Kati ya hayo 6 yakarudi, yaliyosimama ni 24: shilingi 140,000 kwa suluhu moja iliyodumu. Ripoti nyingi huonyesha namba ya kwanza peke yake. Mimi naziweka zote tatu, na ya tatu naitangulizia juu.

Hatua ya 5: Kuwa mwangalifu na neno "tumeokoa"

Mtu atakuambia zidisha mashauri 24 kwa gharama ya kesi mahakamani, hicho ndicho tulichookoa. Sivyo. Hakimu na karani wanalipwa mshahara uleule shauri lije lisije. Kilichopatikana ni muda wao, si fedha iliyorudi hazina. Tena si kila ugomvi ungefika mahakamani, mwingine ungeishia kwa watu kutosalimiana tu. Hesabu yale ambayo mlalamikaji alikuwa tayari ameshaanza safari ya kwenda kufungua kesi. Muulize, atakwambia.

Hatua ya 6: Peleka mapema

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na makadirio hupangwa miezi kadhaa kabla. Pitisha jedwali wilayani wakati bado linaweza kubadilisha kitu. Omba mafuta na karatasi kwa fungu lenye jina la usuluhishi, na safu ya saa za wazee iambatanishe, pamoja na ombi la nauli zao.