Hita ya chini ya tenki: themostati kwanza, mjusi baadaye

Nyumbani mjusi kafiri anajipandia ukutani bure, anakula mbu wake na hakuna anayemgharamia. Huku Minneapolis mwanangu kanisumbua miaka miwili anataka leopadi geko, yule wa manjano mwenye madoa meusi, asili yake Pakistan na Afghanistan, na Januari nje inafika nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo ukimleta mjusi inabidi umnunulie na jua lake. Wengi tunaanza na hita ya chini ya tenki (tenki ni lile sanduku la kioo anamoishi mjusi), kale kamkeka kembamba ka umeme kanakobandikwa chini ya kioo kwa nje. Bei yake nafuu, haina mwanga wa kumsumbua usiku, ila watu wanaichukulia poa mno na ndiyo inaunguza matumbo ya wanyama.

Kwanza uelewe inafanya nini. Huu mkeka haupashi hewa ya tenki, unapasha kioo na kile kilicholala juu yake. Kwa geko huyu ni sawa maana yeye hutoka jua likizama na kulalia mawe yaliyobaki na joto la mchana, tumbo likipata moto chakula kinasagika. Akikosa hilo joto anaacha kula na ule mkia wake mnene, ndiyo ghala lake la mafuta, unaanza kunywea. Lakini kama unafuga kobe au wale mijusi wanaoota jua mchana kutwa, hiyo siyo kazi ya mkeka, wao wanataka taa ya juu yenye joto na ya UVB (miale ya urujuanimno kama ya jua), na isitoshe wao wakisikia joto limezidi huchimba kwenda chini kutafuta baridi, sasa chini nako kukiwa na moto umemchanganya kabisa.

Saizi: ufunike robo mpaka theluthi ya sakafu ya tenki, upande mmoja tu. Mjusi hatoi jasho, anajipoza kwa kuhama, ukipasha sakafu nzima unamkaanga. Tenki la galoni 20 linatosha na mkeka wa wati 8 hivi, ila soma pakiti. Na msinunue huku mkapeleka Dar au Mombasa mkachomeka vivyo hivyo, huku umeme ni volti 120, kule 230 mpaka 240, utasikia harufu tu.

Sasa themostati, kile kifaa kinachowasha na kuzima mkeka kulingana na joto. Hii usinibishie. Mkeka wenyewe haujui kusimama, ukiuacha bila themostati kioo kinaweza kupita nyuzi 45, na mjusi haondoki haraka kama unavyodhani, anaendelea kulala huku tumbo linaiva. Mimi naweka 32 (kwa vipimo vya huku ndiyo 90 za Fahrenheit), upande wa pili unabaki 24 hivi.

Ila kuwa na themostati tu haitoshi, sensa yake (ile ncha ya waya inayopima joto) ikae wapi ndiyo habari yenyewe. Mimi niliibandika ndani ya tenki kwa teipu ya kawaida, usiku ikabanduka ikaangukia upande wa baridi, basi themostati ikadhani kuna baridi ikawasha tu mpaka asubuhi. Nimeamka napima na ile bunduki ya kupimia joto, 47! Geko kajibana juu ya bakuli la maji kule mwisho kabisa, bahati tu hakuungua. Tangu siku hiyo sensa iko nje, katikati ya mkeka na kioo, imebanwa kwa teipu ya aluminiamu, na teipu ndani ya tenki siweki tena maana gundi ikishika ngozi ya mjusi ni kilio kingine. Sensa ikiwa nje kioo cha ndani kinasoma chini kidogo, kwa hiyo pima juu ya sakafu yake kisha pandisha themostati polepole.

Kubandika: kioo kiwe kisafi na kikavu, bandika taratibu kisiingie kiputo, na ukishabandika usibandue, nyaya za ndani zinakatika. Usiukunje wala kuukata. Weka vile vimiguu vya mpira kwenye kona nne hewa ipite chini, la sivyo joto linabanwa na meza na kioo kinaweza kupasuka. Kama una vivariamu (kizimba cha kufugia) ya mbao, mkeka huu sahau. Waya uuache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, maji yakimwagika yadondoke sakafuni yasifuate waya mpaka kwenye plagi.

Juu ya kioo tandika kigae au tishu za jikoni. Mchanga mwingi unazuia joto, unaona juu pamepoa unapandisha themostati, kumbe mjusi akichimba anakutana na kikaango.

Washa yote masaa 24 kabla mnyama hajaingia, pima asubuhi, mchana, usiku. Akishaingia, ukimuona hakanyagi kabisa upande wa moto au tumbo lina wekundu, chomoa plagi na umpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, usimpake dawa ya meno kama alivyoshauri shemeji yangu.