Somo: Kuchagua hifadhidata na zana za mradi, hatua kwa hatua

Habari za kazi wakuu. Somo hili ni la yeyote anayeanza mradi mpya na amekwama kwenye zana: lugha ipi, fremuweki (kiunzi cha kujengea programu) ipi, hifadhidata ipi. Mabishano ya zana hayaishi, na mengi hayamsaidii anayeanza, kwa sababu yanashindanisha zana kwa zana. Mimi napenda tuanze na swali jingine: uamuzi huu nikija kuugeuza mwakani, utanigharimu nini?

Rangi ya kitufe unaibadilisha kwa dakika moja. Fremuweki ya kurasa unaweza kuiondoa ukurasa mmoja mmoja huku mfumo ukiendelea kufanya kazi. Lakini data ikishaingia, ripoti zikaanza kuitegemea na mifumo mingine ikaungwa nayo, kuihamisha ni kazi nzito na ya hatari. Muda wako wa kufikiri upeleke huko. Ndiyo maana somo hili lina mengi ya hifadhidata na machache ya lugha.

Mfano wetu ni mfumo wa maktaba: vitabu, nakala za kila kitabu, wanachama na uazimaji. Ni mfumo mdogo, ila una karibu kila mtego ninaotaka muuone.

Hatua ya 1: Andika maswali ambayo data yako itaulizwa

Chukua karatasi kabla hujafungua kompyuta. Nani anayo nakala hii sasa hivi? Nani amechelewa kurudisha? Kitabu gani kimeazimwa zaidi mwaka huu? Mwanachama huyu ameazima nini tangu ajiunge?

Ukiyatazama, kila swali linaingia kwenye data kutoka upande wake: moja linaanzia kwenye nakala, jingine kwenye tarehe, jingine kwa mwanachama. Hali kama hiyo ndiyo iliyomfanya Edgar Codd apendekeze modeli ya majedwali yenye mahusiano mwaka 1970: kila jambo liandikwe mahali pamoja, kisha uliulize kutoka upande wowote. PostgreSQL, MySQL, MariaDB na SQLite zote zimejengwa juu ya wazo hilo.

Hifadhidata za hati, kama MongoDB iliyotoka mwaka 2009, zinakwenda njia nyingine. Unaweza kuweka uazimaji wote ndani ya hati ya mwanachama, na ukurasa wake utafunguka kwa kusoma hati moja tu. Hiyo ni faida ya kweli. Bei yake ni kwamba umelipendelea swali moja. Ukitaka kujua nani anayo nakala fulani, unatafuta ndani ya orodha zilizomo katika hati za watu wote. Jina la kitabu likirekebishwa, na uliliandika ndani ya kila uazimaji, unalifuata kila lilipo. Halafu hati moja ya MongoDB haizidi megabaiti 16, kwa hiyo orodha inayokua bila kikomo ndani ya hati itakuletea shida siku moja.

Data yako ikiwa ni fomu zilizojazwa au vipimo vya vifaa, ambavyo kila kimoja kina sehemu zake na vinasomwa kizima kizima, hati zinafaa sana. Maktaba yetu si hivyo.

Hatua ya 2: Tafuta mahali ambapo watu wawili watagongana

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mifumo mingi inapoharibika bila mtu kujua.

Imebaki nakala moja. Wakutubi wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, wanabonyeza "azimisha" kwa wakati mmoja. Msimbo wako unasoma kwanza: nakala ipo? Ndiyo. Kisha unaandika uazimaji. Wote wawili wamesoma kabla yeyote hajaandika, wote wamejibiwa "ipo", na wote wanaandika. Sasa nakala moja ina waazimaji wawili.

Wengi hudhani ukizungushia BEGIN na COMMIT, yaani amri za kufungua na kufunga muamala (kundi la hatua zinazofaulu au kushindwa pamoja), umemaliza. Hujamaliza. PostgreSQL kwa kawaida yake hutumia kiwango cha utenganisho (kiasi ambacho muamala mmoja unaona kazi za mingine) kiitwacho READ COMMITTED, na humo miamala yote miwili itapita salama salimini na kosa lake. Dawa ni kuiachia hifadhidata yenyewe ikatae, kwa amri hii ya SQL, lugha ya kuiuliza na kuiamuru hifadhidata:

CREATE UNIQUE INDEX mkopo_mmoja_tu
ON uazimaji (nakala_id)
WHERE tarehe_kurudi IS NULL;

Maana yake: kati ya uazimaji ambao haujarudishwa, nakala moja isionekane mara mbili. Anayechelewa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde anapata kosa, na programu yako inamwambia kwa adabu kwamba kitabu kimeshachukuliwa.

Faharasa hii (index, orodha ya kutafutia data haraka) yenye WHERE inakubalika PostgreSQL na SQLite. MySQL haina, na utalazimika kuzunguka kwa kutengeneza safu inayokokotolewa. Tofauti kama hizi, zinazogusa mradi wako moja kwa moja, zina uzito kuliko chati za kasi zinazosambazwa mitandaoni.

Hatua ya 3: Hesabu mashine, usihesabu ndoto

Mradi ukikaa kwenye mashine moja, anza kwa kuifikiria SQLite. Ni faili moja, haina seva ya kulinda, na imo ndani ya kila simu ya Android na iPhone. Mwandishi ni mmoja kwa wakati mmoja, lakini kila uandishi huchukua muda mfupi mno, na tangu hali ya WAL (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni) ilipoingia mwaka 2010 wasomaji hawamsubiri mwandishi. Kumbuka tu kuwasha PRAGMA journal_mode = WAL, na PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho, kwa sababu ulinzi wa funguo za kigeni (viungo kati ya jedwali na jedwali) huwa umezimwa. Faili hilo usiliweke kwenye diski ya mtandao. Ufungaji wa faili humo hauaminiki, na data inaweza kuharibika.

Programu yako ikihitaji kukaa kwenye mashine mbili au zaidi, nenda PostgreSQL au MySQL. Kwa PostgreSQL, kila muunganisho ni mchakato wake kwenye seva, na kikomo cha kuanzia ni miunganisho 100. Ukiwa na nakala nyingi za programu, weka PgBouncer (programu inayowagawia wengi miunganisho michache) katikati mapema.

Hatua ya 4: Aina za data

Fedha usizihifadhi kwa desimali za kompyuta za kukadiria (FLOAT au DOUBLE). Lugha nyingi ukiziambia zijumlishe 0.1 na 0.2 zitakupa 0.30000000000000004. Tumia NUMERIC, au namba kamili za kipimo kidogo kabisa cha sarafu.

Wakati wa tukio uhifadhi kwa UTC (saa ya kimataifa), ubadilishe unapomwonyesha mtu.

Kwa maandishi ya MySQL, chagua usimbaji wa utf8mb4. Ile inayoitwa utf8 kwa miaka mingi imekuwa na mwisho wa baiti 3 kwa herufi, wakati emoji zinahitaji 4. Kwa SQLite, safu ya namba itakubali maneno ukiiandikia, isipokuwa jedwali uliliunda kwa STRICT, iliyopatikana tangu mwaka 2021.

Hatua ya 5: Jaribu kubadilisha umbo la majedwali kabla hujaamua

Mfumo unaotumika hubadilika. Tuseme badiliko lako lina hatua tano na ya tatu ikashindwa. PostgreSQL inakuruhusu kuyaweka karibu mabadiliko yote ya majedwali ndani ya muamala mmoja, kwa hiyo yakishindwa yanarudi nyuma yote. MySQL inathibitisha kila badiliko la jedwali papo hapo, ukajikuta umebaki katikati ya mto. Kama timu yako inabadilisha majedwali mara kwa mara, jambo hili pekee linatosha kukuelekeza PostgreSQL.

Hatua ya 6: Rudisha nakala rudufu kwa mikono yako

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab (tovuti ya kuhifadhi msimbo) alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Walipoziendea nakala rudufu, wakakuta pg_dump (zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala rudufu) ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata na ilikuwa ikishindwa kimya kimya, huku barua pepe za kuwaonya zikikataliwa njiani. Walipoteza data ya takriban saa 6. Wenyewe waliyaeleza yote hadharani, na nawaheshimu sana kwa hilo.

Kwa hiyo unapopima hifadhidata, usiulize kama ina zana ya nakala rudufu. Zote zinayo. Chukua nakala, iweke kwenye mashine tupu, uone mfumo unawaka. Hifadhidata ambayo huwezi kuirudisha bila kumpigia mtu simu bado hujaifahamu kiasi cha kuikabidhi data ya watu.

Hatua ya 7: Soma leseni na umri wa zana

MongoDB ilibadilisha leseni mwaka 2018, Redis (hifadhi ya haraka inayokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta) ikabadilisha Machi 2024 na waliokuwa wakiichangia wakaanzisha Valkey, mbadala wake. MariaDB ilizaliwa mwaka 2009 kwa hofu ya MySQL kuingia mikononi mwa Oracle. SQLite ni mali ya umma, na kila toleo kubwa la PostgreSQL hutunzwa miaka 5. Kwa mradi mdogo huenda suala hili lisikuguse, ila lijue kabla.

Lugha na fremuweki

Tumia ile ambayo timu yako inaijua. Zana mpya moja kwa mradi inatosha. Ukitumia ORM, yaani zana inayokuandikia SQL, washa kumbukumbu ya maulizo uone inaandika nini. Ukurasa wa uazimaji 50 unaoonyesha jina la kila mwanachama unaweza kutuma maulizo 51 bila wewe kujua: moja la orodha, na moja kwa kila jina. Kwenye kompyuta yako huoni kitu. Kwenye seva iliyo mbali na hifadhidata, watumiaji watauona ukurasa unajikokota.

Maswali ya wanachama

*Mkuu asante kwa somo. Data yangu inabadilika umbo kila wiki, si bora niende Mongo tu nisisumbuke na skima?*

Karibu ndugu. Skima, yaani umbo la data lililopangwa, haiondoki, inahamia kwenye msimbo. Badala ya hifadhidata kusema "safu hii lazima iwepo", utaandika "kama ipo, kama haipo, kama ni ya zamani" kila unaposoma. PostgreSQL ina aina ya jsonb, inayohifadhi hati za JSON ndani ya safu, tangu mwaka 2014. Yale unayoyajua yaweke kwenye safu za kawaida, na yale ambayo bado hayajatulia yaweke kwenye safu moja ya jsonb. Yakitulia unayahamisha. Ukikuta baada ya miezi kadhaa kwamba karibu kila kitu kimebaki kwenye jsonb na unasoma hati nzima nzima, basi data yako kweli ni ya hati, na MongoDB ni chaguo halali.

*Mwalimu, ufunguo mkuu niweke namba zinazofuatana au UUID?*

Namba zinazofuatana ni ndogo na za haraka, ila zikionekana kwenye anwani za kurasa mtu anaweza kukisia nyingine. Ukizichagua, tumia BIGINT. INT ya kawaida inakomea 2,147,483,647, na kubadilisha jedwali lililofika huko si kazi ya kuitamani. UUID, yaani vitambulisho virefu vya kipekee, zinafaa pale rekodi zinapoundwa kwenye vifaa vingi kabla ya kufika kwenye seva. Epuka toleo la 4 kwenye majedwali makubwa ya MySQL: InnoDB (injini ya MySQL ya kuhifadhi majedwali) hupanga data yenyewe kwa ufunguo mkuu, na UUID za bahati nasibu huitawanya. Toleo la 7, lililosanifishwa mwaka 2024, huanza na wakati, hivyo rekodi mpya hukaa karibu karibu. PostgreSQL 18 imekuja na uuidv7() ndani yake.

*Mfumo wangu umekuwa mzito. Niongeze Redis?*

Kabla ya hapo, chukua ulizo lililo zito zaidi uliendeshe na EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha jinsi ulizo linavyotekelezwa. Ukiona PostgreSQL inasoma jedwali zima kutafuta mistari michache, unahitaji faharasa, na hiyo ni sentensi moja ya SQL. Ukiongeza Redis umeongeza mahali pa pili ambapo jibu linakaa, na kila data inapobadilika lazima ukumbuke kulifuta jibu la zamani. Ifikirie ulizo likishakuwa zuri na bado linaulizwa kupita kiasi.

*Habari mkuu. Nimerithi mfumo wa MySQL wenye miaka mingi, unafanya kazi vizuri. Baada ya kusoma hapa nafikiria kuuhamishia PostgreSQL. Unashauri?*

Hapana, ndugu yangu, kama unafanya kazi vizuri uache. Angalia mambo matatu: majedwali yote ni InnoDB, maandishi ni utf8mb4, na sql_mode (mpangilio wa ukali wa MySQL) ina STRICT_TRANS_TABLES, maana mifumo ya kabla ya MySQL 5.7 mara nyingi ilikuwa ikikata maneno marefu na kuyaingiza bila kukataa. Ukikuta haijawashwa, usiiwashe moja kwa moja kwa watumiaji. Iwashe kwanza kwenye nakala ya mfumo, uendeshe kazi za kawaida, uone ni sehemu gani za msimbo zinaanza kukataliwa.